Mlango Aliotokea Mdogo Wangu

Kila Ramadhani mamangu huandaa sahani saba za futari, ilhali sisi tunaokaa mkekani ni watu sita. Ile ya saba huifunika kwa kawa na kuiweka pembeni, na baada ya Tarawehe humpelekea mlinzi wa mtaa. Wageni hudhani ni sadaka. Sisi wa nyumbani twajua ni ya nani. Ni ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliyetoka katika dini akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu.

Nimekaa na habari hii kwa miaka mingi bila ya kuitamka mbele za watu. Naiandika leo, kwa idhini ya wazazi wangu na yake yeye mwenyewe, kwa sababu mara mbili mwaka huu mama wenzangu wamenivuta kando baada ya darsa, wakaninong'oneza habari za watoto wao, huku wakitazama nyuma wasije wakasikiwa. Wote wawili waliniuliza jambo moja: tufanye nini? Sina elimu ya kutoa fatwa. Ninayo khabari ya kosa nililolifanya, na yale niliyojifunza baada yake.

Ilikuwa siku ya Ijumaa, yapata saa sita mchana. Mdogo wangu alikuwa amerudi likizo kutoka chuo kikuu, Nairobi. Babangu alikwisha vaa kanzu, amesimama mlangoni akimngoja waende msikitini kama desturi yao tangu utotoni. Mdogo wangu akashuka ngazi akasema, "Baba, nisamehe. Siendi." Babangu akadhani ni mgonjwa. Akajibiwa, "Mimi mzima. Lakini siamini tena, na naona haya kuendelea kuwadanganya."

Babangu hakupaza sauti. Alivua kofia yake, akaipangusa, akaivaa tena, akaenda zake peke yake. Aliporudi alimtaka mwanawe aondoke kabla ya Magharibi. Mamangu alifungasha mahamri katika karatasi huku machozi yakimtoka, akamtilia mfukoni nauli ya basi. Mimi nilisimama ukumbini nisijue la kusema.

Habari haikukaa. Katika muda wa wiki moja jamaa walikuja kwetu kama wanaokuja matangani. Mmoja alisema kijana amepagawa na asomewe. Mwingine alisema ni vitabu vya Nairobi. Mwingine alimlaumu mamangu kwa malezi. Na jioni moja, nikipita kando ya baraza, nilimsikia kijana wa mtaani, ambaye mdogo wangu alicheza naye mpira, akisema kwamba damu yake sasa ni halali. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na wenziwe hawakumkanya. Usiku ule sikulala.

Hofu ile ndiyo iliyonitia katika kosa. Ami yangu alisema kijana akirudi na kutoa shahada mbele ya mashahidi, watu watanyamaza na roho yake itasalimika. Tatizo ni kwamba asingekuja akiitwa na babake. Angekuja akiitwa nami. Nikampigia simu nikamwambia, "Mama hali yake si nzuri, wahi." Alipanda basi la usiku. Alipoingia ndani alimkuta mamangu akiwa mzima, na wanaume wanne wamekaa ukumbini. Mlango ukafungwa nyuma yake, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa ami.

Saa tatu nzima walimkalia. Walimsihi, walimkemea, walimtajia kiyama, walimtajia mamake. Mwishowe aliitamka shahada. Akina mama waliokuwa jikoni wakapiga vigelegele, na pilau ikapakuliwa. Mimi nilikuwa nimesimama penye pazia nikimtazama. Ulimi wake ulisema yale yaliyotakiwa, lakini macho yake hayakutoka kwenye ule mlango. Kabla ya alfajiri aliondoka. Alinikuta kwenye ngazi akaniambia, "Dada, wewe ndiye niliyekuamini." Akabadilisha namba ya simu. Hatukusikia sauti yake kwa muda wa miaka mitatu.

Katika miaka ile nilianza kuhudhuria darsa ya tafsiri ya wanawake. Ustadha wetu alikuwa bibi mtu mzima, mpole, mwenye kusoma sana. Siku tulipofika katika Suratul Baqara, aya ya 256, ile inayosema kwamba hakuna kulazimishana katika dini, niliinamisha kichwa. Nilikuwa nimeisikia aya hiyo maisha yangu yote, na sikuzote nilidhani inawahusu watu wa nje: kwamba tusiwalazimishe majirani zetu wasio Waislamu. Ustadha akatueleza sababu ya kuteremka kwake.

Katika Madina kabla ya Uislamu, alisema, mwanamke wa Kiansari aliyekuwa akifiwa na watoto aliweka nadhiri kwamba mtoto wake akiishi atamlea katika dini ya Kiyahudi. Ibn Abbas (R.A.) ndiye aliyeyasimulia hayo, na Abu Dawud ameyapokea. Basi Bani Nadhir walipotolewa Madina katika mwaka wa 4 Hijria, miongoni mwao walikuwamo watoto wa Kiansari. Wazazi wao, ambao sasa walikuwa Waislamu, wakasema hawatawaacha watoto wao waondoke. Hapo ndipo aya ilipoteremka. Imamu Tabari amepokea pia habari ya baba mmoja wa Kiansari ambaye wanawe wawili waliingia Ukristo kwa kufuatana na wafanyabiashara wa Sham, naye akataka kuwarejesha kwa nguvu.

Nilimwomba ustadha arudie. Aya hii, kwa mujibu wa mapokezi hayo, ilishuka juu ya mama na baba waliokuwa wakiwang'ang'ania watoto wao wenyewe. Ilishuka katika nyumba kama yetu. Mola wetu alijua uchungu wa wazazi wale, alijua wanapenda na wanaogopa, na pamoja na hayo akawakataza.

Baada ya darsa nilibaki nyuma nikamweleza ustadha yote. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Shahada ile aliyoitoa mdogo wako, unadhani ilimfikia nani?" Nikakosa jibu. Nami nilijua kwamba Mwenyezi Mungu haangalii ulimi usiokuwa na moyo, na kwamba Qur'ani imewataja wanafiki, wasemao kwa midomo yasiyokuwamo nyoyoni mwao, kwa maneno mazito kuliko wengi. Sisi tulimkuta kijana msema kweli, tukamfanya mnafiki kwa usiku mmoja, kisha tukapiga vigelegele.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, hukumu ya murtadi si inajulikana? Sitaki kuificha. Katika Sahihi Bukhari imo hadithi, nayo pia ni mapokezi ya Ibn Abbas, inayoamrisha auawe mwenye kuibadilisha dini yake. Madhehebu manne ya Sunni, likiwemo la Imamu Shafi tunalolifuata hapa pwani, yameshika kwamba mwanamume aliyeritadi, akiisha kutakiwa atubu akakataa, huuawa. Mahanafi wakamtoa mwanamke: yeye hufungwa, wala hauawi. Hiyo ni rai ya wanazuoni wakubwa, na mimi si mtu wa kuwadharau.

Lakini ustadha alitufundisha kuyasoma mambo hayo mpaka mwisho. Kwanza, mafakihi wale wale waliiweka hukumu hiyo mikononi mwa kiongozi na kadhi. Hawakumpa ruhusa kijana wa barazani. Mtu anayejitwalia kumwaga damu ya mwenziwe ni mhalifu katika sheria hiyo hiyo anayodai kuitetea. Pili, Umar bin Khattab (R.A.) alipoletewa habari za watu wa kabila la Bakr bin Wail walioritadi wakauawa vitani, alisikitika. Akasema lau angewapata angewaonyesha mlango ule ule waliotokea, waingie tena; na wakikataa angewafunga gerezani. Tatu, Sufyan al-Thawri, kama Ibrahim al-Nakhai kabla yake, aliona kwamba murtadi hutakiwa atubu daima, na mlango haufungwi maadamu yu hai.

Na katika zama zetu wako wanazuoni waliolitazama upya suala lenyewe. Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Azhar kuanzia 1958 hadi 1963, aliandika kwamba ukafiri peke yake haumhalalishi mtu kuuawa. Kinachohalalisha ni kuwapiga vita Waislamu. Dakta Taha Jabir al-Alwani, mwanazuoni wa Iraki aliyefariki 2016, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili. Hoja yao ni kwamba Qur'ani imeitaja riddah mara nyingi na kuahidi adhabu kali ya akhera, lakini haikutaja adhabu ya duniani kwa mtu aliyetoka tu bila ya uadui. Katika zama za mwanzo aliyetoka katika dini mara nyingi alikuwa pia anahama kambi, anakwenda kuungana na jeshi la adui. Na ile hadithi nyingine mashuhuri, ya Ibn Mas'ud, imemtaja mwenye kuiacha dini pamoja na kujitenga na jamaa ya Waislamu. Wenye rai ya kale wanazo hoja zao pia, na wako waliosema hukumu ya aya ya kutolazimishana imefutwa. Mjadala huo ni wa wenye elimu. Mimi nilichokichukua ni kwamba mjadala upo.

Nilichokichukua zaidi ni sira. Bedui mmoja alimpa Mtume (S.A.W.) baia katika Madina, kisha akapatwa na homa, akaja kutaka baia yake ivunjwe. Mtume alikataa kuivunja, mara tatu, lakini yule bwana alipoondoka hakuna aliyetumwa kumfuata. Hiyo imo katika Bukhari. Bibi Ramla binti Abi Sufyan, tunayemjua kama Ummu Habiba, alihamia Uhabeshi pamoja na mumewe, Ubaydullahi bin Jahshi. Huko ugenini, kwa masimulizi ya waandishi wa sira, mume akaingia Ukristo na akafa katika hali hiyo. Hebu mfikirie bibi yule: babake Makka ni adui wa dini yake, mumewe ameiacha, naye ana mtoto mchanga mikononi. Hakumfuata mumewe, wala hatusikii kwamba Waislamu wa Uhabeshi walimdhuru yule mume. Imani yake Bibi Ramla ilisimama kwa miguu yake yenyewe, na Mwenyezi Mungu akamjaalia kuwa mama wa Waumini.

Kisha kiko kisa kilichonichoma zaidi. Abdullahi bin Sa'd bin Abi Sarh alikuwa mwandishi wa Mtume, akaritadi, akakimbilia Makka na kusema maneno mabaya juu ya Mtume na wahyi. Makka ilipofunguliwa alikuwa katika wale wachache walioamrishwa wauawe. Nduguye wa kunyonya, Uthman bin Affan (R.A.), akamficha, kisha akamshika mkono akampeleka mwenyewe mbele ya Mtume kumwombea amani. Mtume alinyamaza kitambo kirefu, kisha akampa amani. Mtu huyo alirejea katika Uislamu na baadaye akawa gavana wa Misri. Uthman alimchukua nduguye kwa mkono ili amwokoe. Mimi nilimchukua ndugu yangu kwa uongo.

Basi nikamwandikia barua, nikampa rafiki yake wa zamani aipeleke. Sikumtajia dini hata kwa neno moja. Nilimwomba radhi kwa kumdanganya juu ya ugonjwa wa mama. Baada ya wiki sita simu yangu ikapokea ujumbe mfupi: "Mama hali yake ikoje, kweli?"

Tulianza hapo. Tulizungumza kidogo kidogo, na baada ya miezi mingi alinieleza alivyoondoka. Nilitarajia kusikia habari za marafiki wabaya. Akaniambia kwamba alipokuwa na miaka kumi na miwili, chuoni kwa mwalimu wake wa Qur'ani, aliuliza swali kuhusu kadari: ikiwa yote yamekwisha andikwa, kwa nini mtu aadhibiwe? Alichapwa bakora mbele ya wenziwe na kuitwa kafiri. Alipokuja nyumbani na kumweleza baba, aliambiwa maswali hayo ni ya shetani. "Mimi sikuondoka ile Ijumaa," alisema. "Niliondoka zamani, ila hamkuona." Swali lile limeandikiwa vitabu na wanazuoni wetu kwa karne nyingi. Hakuna aliyempa hata ukurasa mmoja.

Sisemi kwamba angelijibiwa angelibaki. Ya nyoyo anayajua Mwenye nyoyo, na Mtume mwenyewe aliambiwa katika Suratul Qasas, aya ya 56, kwamba hawezi kumwongoa ampendaye. Ikiwa yeye hakuweza kwa ami yake Abu Talib, aliyemlea na kumkinga, mimi ni nani? Nabii Nuh alimwita mwanawe mpaka maji yalipowatenga. Katika kisa kile twamsikia akimwita mwanawe kwa upole. Hatusikii kwamba alimfunga kamba akamtia jahazini.

Wengi huniuliza pia kuhusu sheria ya nchi, nami nitaieleza kwa ufupi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na kukataza kumlazimisha mtu kufanya jambo lililo kinyume na imani yake. Mahakama ya Kadhi, chini ya kifungu cha 170, huwahukumu wale wanaokiri Uislamu katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi, pale pande zote zinapokubali. Kwa hiyo mtoto akitoka katika dini, mambo ya ndoa yake na urithi hubadilika, maana katika sheria yetu Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Mzazi mwenye jambo hilo akamwone Kadhi mapema, angali hai na akili yake timamu, asiwaachie watoto ugomvi. Na tusidhani kwamba nchi za Waislamu zimesimama mahali pamoja. Sudani ilikuwa na sheria ya kumuua murtadi. Mwaka 2014 mwanamke mja mzito alihukumiwa kifo Khartoum kwa sheria hiyo, akajifungua gerezani miguu ikiwa katika minyororo, kabla ya mahakama ya rufaa kumwachilia. Mwezi wa Julai 2020 serikali ya huko iliifuta adhabu hiyo.

Babangu ndiye aliyechukua muda mrefu zaidi. Nilikuwa nikirudi na madaftari yangu ya darsa, nikiyaacha juu ya meza karibu na Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy aliyoizoea, na asubuhi nikiyakuta yamefunguliwa ukurasa mwingine. Hakusema kitu. Kisha siku moja, baada ya swala ya Isha, akauliza bila ya kunitazama, "Huyo nduguyo, ana kula?" Nikamwambia anafanya kazi, anajitegemea. Akasema, "Mwambie Idi aje kwa mamake." Hakusema aje kwangu. Lakini sisi tuliomzoea tulielewa.

Alikuja Idi Mosi, baada ya watu kurudi kutoka kuswali. Alisimama nje kama mgeni, akabisha hodi katika nyumba aliyozaliwa. Babangu mwenyewe ndiye aliyeondoa komeo. Walipeana mikono, na mdogo wangu akaubusu mkono wa babake kama tulivyofunzwa. Tulikula. Ilipofika Adhuhuri babangu aliinuka kwenda msikitini, akasita mlangoni kidogo, kisha akaenda. Mdogo wangu alibaki akimsaidia mama kuosha vyombo. Hakuna aliyemwambia neno.

Imekuwa hivyo tangu hapo. Huja, hula, humletea mama dawa za presha, hurudi Nairobi. Hajarejea katika dini. Sitaki msomaji adhani nafurahia. Huniuma kila ninaposikia adhana naye amekaa. Mamangu huamka usiku wa manane, na katika dua zake jina lake ndilo la kwanza. Mimi pia humwombea, lakini simlazimishi hata kwa machozi, maana machozi nayo ni aina ya ufunguo ulio mfukoni mwa mtu.

Kwa mama wenzangu walionivuta kando, nina machache. Mtoto akiuliza, msimpige; na kama hamna jibu, mpelekeni kwa mwenye elimu na subira. Akija kusema ameondoka, msimtie katika mikono ya watu wa barazani. Siri yake ni amana, na roho yake ni amana kubwa zaidi. Wala msimkate. Bibi Asma binti Abi Bakr (R.A.) alimwuliza Mtume kama ampokee mamake aliyekuwa bado mshirikina, akaamrishwa amuunge. Ikiwa mtoto ameamrishwa kumuunga mzazi asiyeamini, mzazi naye atalipata wapi neno la kumkata mtoto?

Ramadhani inakaribia. Mamangu amekwisha niagiza nimnunulie kawa mpya, kwani ile ya zamani imefumuka ukingo.

Ewe Mwenyezi Mungu, mwenye kuzigeuza nyoyo, zithibitishe zetu katika dini yako, na walio mbali nasi wahifadhi huko waliko, na usitufanye sisi kuwa sababu ya wao kukukimbia. Amin.